Pete Iliyofungwa Uzi: Nilichojifunza Kuhusu Lishe Kabla ya Upasuaji wa Saratani ya Ovari

Pete yake ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi upande wa kiganjani, mizunguko mingi iliyobanana, ili isichomoke kidoleni. Niliiona alipoinua mkono kuitikia salamu yangu, nikavutiwa na ustadi wa aliyeufunga uzi ule, kisha nikageukia fomu yangu. Nimekuwa afisa lishe katika wodi ya upasuaji wa saratani za wanawake kwa zaidi ya miaka 10, na kama ningeulizwa ni kosa gani ninalolikumbuka kuliko mengine, ningetaja dakika ile.

Mama yule alikuwa na miaka 58. Picha zilionyesha uvimbe kwenye ovari zote mbili, chembe za saratani zikiwa zimetapakaa kwenye utando wa ndani wa tumbo, jambo linaloiweka saratani ya ovari katika hatua ya tatu. Ndivyo wanavyotufikia wengi wao, kwa sababu ugonjwa huu hukua kimya, na dalili zake za mwanzo, yaani tumbo kujaa gesi, kushiba upesi na kwenda haja ndogo mara kwa mara, hufanana na za maradhi mengine mengi yasiyotisha. Alipangiwa upasuaji baada ya siku 4.

Fomu yangu ya uchunguzi wa awali ilikuwa na maswali machache. Uzito wake wa kawaida, kwa maelezo ya binti yake, ulikuwa kilo 62. Nikampandisha kwenye mizani, ikasoma 61. Urefu wake ulikuwa sentimita 160, kwa hiyo uwiano wa uzito na urefu ukatoka 23.8, ambao ni wa mtu mwenye afya. Nikamwuliza kama anakula vizuri.

“Nakula, mwanangu,” akasema, “ila vijiko vitatu tu tumbo linajaa.”

Nikaandika: hamu ya kula ni ya wastani. Kipimo cha damu kilikuwamo ndani ya faili, na albumini, protini kuu iliyomo kwenye majimaji ya damu, ilikuwa gramu 26 kwa lita, ilhali kwa kawaida haipaswi kushuka chini ya 35. Nilijieleza kwamba hiyo ni kazi ya ugonjwa wenyewe, maelezo ambayo, kama nitakavyoonyesha, yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalinipotosha kwa urahisi. Nikatia saini penye maneno “hana hatari ya utapiamlo”, nikahamia kitanda cha pili.

Jioni ile alianza kupumua kwa shida kwa jinsi tumbo lilivyojaa. Madaktari wakamwekea mrija, na katika muda wa siku mbili yakatoka maji lita 7. Hakuna aliyempima tena uzito, kwa kuwa fomu ya lishe ilikuwa imeshajazwa na kusainiwa. Asubuhi ya upasuaji ndipo daktari wa usingizi, aliyehitaji uzito sahihi ili akadirie dawa zake, alipoagiza apandishwe kwenye mizani, na muuguzi akaandika kilo 54. Mimi nililifungua tena faili siku ya 4 baada ya upasuaji, nilipotakiwa kupanga namna ya kumrudisha kwenye chakula, na hapo nikakutana na zile namba mbili, 61 na 54, zikitazamana.

Lita moja ya maji yale ina uzito wa takriban kilo moja. Mama huyu alikuwa amepoteza kilo 8 za mwili wake ndani ya miezi mitano, sawa na asilimia 13, na tumbo lilikuwa limezifidia kwa maji, kidogo kidogo, hata mizani isitambue. Hata baada ya maji kutolewa, uwiano wake wa uzito na urefu ulikuwa 21.1, yaani bado ulikuwa mzuri machoni pa fomu. Kilichokuwa kimekwenda ni nyama ya mapaja, ya mabega na ya mikono. Uzi kwenye pete ulikuwa umelisema hilo siku ya kwanza, bila hesabu yoyote.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kuyafikiria maji ya tumboni kwa namna mbili. Kwanza, yanaficha. Chembe za saratani huziba njia ambazo kwa kawaida hunyonya majimaji ya tumbo, na wakati huohuo huifanya mishipa midogo ya damu ivuje, hivyo tumbo linajaa huku mwili unakonda. Nimewaona ndugu wa wagonjwa wakifarijika kwamba mama amenenepa kidogo. Pili, maji yale yenyewe ni chakula kilichopotea, kwa maana mara nyingi yana zaidi ya gramu 25 za protini katika kila lita. Lita 7 alizotolewa mama yule zilibeba kwa uchache gramu 175. Mtu wa kilo 54 anayesubiri upasuaji mkubwa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kati ya 65 na 81 kwa siku, kwa hiyo zaidi ya siku mbili za mahitaji yake zilikuwa zimemiminwa ndooni, naye bado anashiba kwa vijiko vitatu.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Waliondoa mji wa mimba, ovari zote mbili, utando wa mafuta unaofunika matumbo na kipande cha utumbo, na daktari akaandika kwamba hakuna uvimbe uliobaki unaoonekana kwa macho. Kwa saratani hii hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, kwa kuwa kiasi cha uvimbe kinachobaki baada ya upasuaji ni miongoni mwa mambo yanayoamua zaidi mgonjwa ataishi muda gani. Lakini siku ya 9 mshono wa tumbo ukaachia, kidonda kikashika usaha, na baadaye mapafu nayo yakaingiwa na maambukizi. Kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ambayo ilikusudiwa kuanza kabla ya wiki ya 6, ilianza wiki ya 9, kwa dozi iliyopunguzwa. Aliishi miezi 14.

Sisemi kwamba fomu yangu ndiyo iliyomwua. Nimeshajiadhibu vya kutosha kwa wazo hilo, na daktari bingwa mmoja mwenye busara alinikalisha chini akanionyesha kwamba hata wanaolishwa vizuri hupata usaha kwenye kidonda. Hata hivyo, ulikuwapo mnyororo ambao ningeweza kuukata sehemu moja: mwili usio na akiba ya protini hujenga kovu taratibu, kovu dhaifu huachia, kidonda kilichoachia huzuia kemo, na kemo iliyochelewa huupa ugonjwa nafasi. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha lishe ya tiba, ESPEN, unasema mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ndani ya miezi 6, au mwenye albumini chini ya gramu 30 kwa lita pasipo ugonjwa wa ini au figo, apewe lishe ya tiba kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama upasuaji huo ni wa saratani na itabidi ucheleweshwe, na kwamba siku 7 hadi 14 zinaweza kufaa. Mama yule alitimiza vigezo vyote viwili. Siku hizo angepewa kama mtu angeziomba, na mtu wa kuziomba nilikuwa mimi.

Baada ya hapo nilisoma sana, pengine kwa sababu kusoma ni namna ya kuomba radhi. Nilikutana na kipimo cha zamani kiitwacho PNI, namba inayokadiria hatari ya mgonjwa kutokana na lishe yake, alichokieleza daktari Onodera wa Japani mwaka 1984 kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji wa tumbo na utumbo. Hakihitaji mashine mpya. Unachukua albumini kwa gramu katika desilita, unazidisha kwa 10, halafu unaongeza idadi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, katika milimita moja ya ujazo ya damu, idadi hiyo ikiwa imezidishwa kwa 0.005. Nilirudi kwenye faili la mama yule nikakokotoa: albumini 2.6 inatoa 26, limfosaiti 1,100 zinatoa 5.5, jumla 31.5. Onodera aliona kwamba chini ya 40 si salama kukata na kuunganisha utumbo. Namba zote mbili zilikuwa kwenye karatasi moja ya maabara, mistari michache kutoka ule niliokuwa nimeusoma.

Watafiti wengi waliopitia mafaili ya wagonjwa wa saratani ya ovari katika nchi mbalimbali wamekuta jambo linalofanana, kwamba wanawake walioingia kwenye upasuaji wakiwa na albumini ya chini au PNI ya chini waliishi, kwa wastani, muda mfupi kuliko wenzao. Mpaka kati ya chini na juu hutofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, lakini mwelekeo ni huohuo. Hapa ndipo inapobidi kuwa mwangalifu, nami sikuwa mwangalifu mwanzoni. Niliposoma tafiti hizo nilidhani kwamba kazi yetu sasa ni kuipandisha albumini. Ndugu wa wagonjwa nao huwaza hivyo, na wengine hutuomba tuwatundikie wagonjwa wao dripu ya albumini.

Albumini hutengenezwa na ini, na hukaa katika damu muda mrefu, nusu yake ikihitaji takriban wiki tatu kutoweka. Mwili unapopambana na ugonjwa mkali, ini hupunguza kuitengeneza na kuelekeza nguvu kwenye protini nyingine za mapambano, na mishipa iliyolegea huivujisha iliyopo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na albumini ya chini huku anakula vizuri, na mwingine akawa amekondeana ilhali albumini yake haijatikisika. Ndiyo maana wataalamu wa lishe siku hizi huihesabu kama dalili ya ukali wa ugonjwa kuliko kipimo cha chakula. Maelezo niliyojipa siku ile, kwamba ni kazi ya ugonjwa, yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuyafanya kuwa sababu ya kutotazama zaidi. Dripu ya albumini huipandisha namba kwenye karatasi kwa siku chache, lakini haiongezi hata uzi mmoja wa msuli.

Kwa hiyo nilibadilisha ninachokitazama. Nilianza kutembea na utepe wa kupimia mfukoni, nikipima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kwa sababu maji ya tumboni hayafiki huko. Nilianza kuwauliza wagonjwa wainuke kitini bila kujishika. Niliwaomba wataalamu wa picha wanionyeshe, katika picha za CT ambazo wagonjwa hupigwa kwa vyovyote vile, mkato ulio usawa wa pingili ya tatu ya kiuno, ambapo msuli unaweza kupimwa kama mtu apimavyo shamba kwenye ramani. Hapo nilijifunza kwamba hata mwanamke mnene anaweza kuwa na msuli mdogo mno chini ya mafuta yake, na kwamba huyo ndiye rahisi zaidi kumpita bila kumwona.

Mgonjwa aliyenifundisha kuutumia muda alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa dhaifu mno kupasuliwa moja kwa moja, hivyo madaktari wakaamua aanze na mizunguko 3 ya kemo ya carboplatin na paclitaxel, kila baada ya wiki 3, kisha upasuaji, kisha mizunguko mingine. Wengi wodini waliyaona majuma yale kama ya kusubiri. Mimi niliona nimepewa zaidi ya miezi miwili. Baada ya kutolewa maji alikuwa na kilo 49, na mkono wake ulikuwa na mzunguko wa sentimita 21.5.

Jambo la kwanza tulilogundua pamoja, yeye na mimi, ni kwamba ulaji wake ulikwenda kwa mawimbi. Siku 5 au 6 baada ya kila kemo hakuweza kuvumilia hata harufu ya chakula, na kumlazimisha kulimfanya akichukie hicho alicholazimishwa. Wiki ya pili na ya tatu alikuwa na njaa ya kweli. Tukaacha kugawa mahitaji yake sawasawa kwa siku, tukayarundika katika wiki zile mbili. Alikula mara 6 kwa siku, kidogo kidogo, akianza na chenye protini kabla tumbo halijajaa, iwe ni yai, samaki au maziwa yaliyoongezwa unga wa maziwa, na alikunywa vinywaji katikati ya milo badala ya wakati wa mlo. Dawa ya kichefuchefu alimeza nusu saa kabla ya kula, wala hakungoja mpaka atapike. Na alitembea. Hili la kutembea na kuinuka kitini mara 10, asubuhi na jioni, nililisisitiza kwa kuwa protini isiyotumiwa na msuli haijengi msuli.

Dada yake alikuwa kikwazo, kwa nia njema kabisa. Alikuwa amesikia kwamba sukari na nyama hulisha saratani, basi akawa anamwondolea mgonjwa kila chenye ladha. Nilijaribu kumweleza kwa lugha ya vitabu, nikashindwa. Siku moja nikamshika mkono nikauweka kwenye bega la mgonjwa, vidole vyake vikaugusa mfupa. Nikamwambia, “Dada, uvimbe haungoji sahani. Usipompa chakula, huo uvimbe utakula hapa.” Alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake alileta mayai.

Siku ya upasuaji mama huyo alikuwa na kilo 50.5, mkono sentimita 23, na albumini ilikuwa imepanda kutoka 27 hadi 36. Zamani ningejisifu kwa hiyo 36. Sasa najua kwamba sehemu kubwa ya mpando huo ilitokana na kemo kuutuliza ugonjwa, na kwamba kemo hiyohiyo hushusha limfosaiti, kwa hiyo hata PNI yake isingesomeka kirahisi. Nilichojivunia ni zile sentimita moja na nusu za mkono. Kidonda chake kilifunga bila tatizo, na kemo iliyofuata ilianza kwa wakati wake.

Bidii nayo ina hatari zake, nami nimelipitia hilo pia. Aliletwa mgonjwa ambaye utumbo wake ulikuwa umebanwa na uvimbe, na kwa siku 9 hakuwa amekula chochote cha maana. Kwa kukumbuka yule wa kwanza, niliagiza alishwe kwa mshipa mahitaji yake yote tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu moyo ulianza kumwenda mbio, na damu ikaonyesha fosfeti imeshuka vibaya, potasiamu na magnesiamu zikiifuata. Mwili uliozoea njaa unapopewa chakula ghafla huvuta madini hayo kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya chembe kwa kasi ambayo inaweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo huanza na thiamini, yaani vitamini B1, kisha nishati isiyozidi kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, halafu hupandishwa taratibu kwa siku 4 hadi 7 huku damu ikipimwa. Nililijua hilo kutoka darasani. Hofu ya kukawia ndiyo iliyonisahaulisha. Alipona, shukrani kwa muuguzi wa zamu aliyepiga simu usiku bila kungoja raundi ya asubuhi.

Kuna pia kile kibao cha “asile kitu” kinachotundikwa kitandani. Nilihesabu wakati mmoja kwamba mgonjwa wangu alikaa na kibao hicho siku 3 kati ya 5: siku ya picha, siku ya upasuaji ulioahirishwa, na siku ya upasuaji wenyewe. Kila mara alianza kufunga saa sita ya usiku. Kwa mgonjwa ambaye tumbo lake halijaziba, chakula kigumu kinaweza kuliwa hadi saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na vinywaji visivyo na maziwa wala chembechembe hadi saa 2 kabla. Niligombana na watu kadhaa wodini kuhusu kibao kile, na nilionekana mkorofi. Sasa kinaandikwa saa ya kuanza kufunga, na upasuaji ukiahirishwa, muuguzi hukishusha hapohapo na kuagiza chakula. Sidhani kama nimewahi kufanya jambo lililowalisha wagonjwa wengi zaidi ya hilo, na halikuhitaji utaalamu wowote.

Fomu ya wodi yetu nayo ilibadilishwa. Ina mstari wa uzito baada ya maji kutolewa, na hairuhusiwi kusainiwa mstari huo ukiwa mtupu kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa.

Wiki iliyopita alilazwa mama mwingine. Tumbo lake lilikuwa limejaa, na uso wake mchangamfu. Kabla sijafungua fomu nilimshika mkono nikaigeuza pete yake, ikazunguka bila kizuizi. Ilikuwa kwenye kidole cha kati.

“Mbona unaitazama sana, mwanangu?” akauliza. “Unaitaka?”

Nikamwuliza imehamia kidole hicho tangu lini. Akacheka, kisha akafikiri, akahesabu kwa midomo bila sauti. “Mwezi wa nne huu,” akasema. Nikaliandika hilo kwanza, ndipo nikamwomba apande kwenye mizani.